Bunduki ya upepo ya mtungi inahama shabaha presha ikishuka. Nimevua bangili ya mtutu, njooni tuongee

Vumbi la Kisongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nina bunduki ya upepo ya mtungi, risasi 5.5 mm, mtutu wa sentimita 50 hivi, unene wake 12 mm, na mtungi wa alumini umelala chini ya mtutu. Kampuni siitaji, maana sijui kama kosa ni la kiwandani au ni la mtu aliyeichezea kabla haijafika kwangu. Kibali ninacho, kwa hiyo wale wa "umeipataje" wapumzike. Na sipigi ndege. Napiga karatasi kwenye shamba la shemeji huku Kisongo, Arusha, nyuma kuna tuta la udongo refu kuliko mimi.

Tatizo lenyewe ni hili. Najaza mpaka bar 200 kwa pampu ya mkono (anayetaka kupunguza kitambi aje, pampu ipo). Risasi kumi za kwanza, mita 30, matundu yote yanazibwa na kizibo cha soda. Ikifika bar 160 zinaanza kusogea. Ikifika 130 zote ziko kushoto na chini, kama 25 mm kutoka pale nilipoanzia. Na kundi lenyewe la matundu halijapanuka! Limehama zima zima kama ng'ombe wanaofuata malisho.

Nikaanza kumtafuta mchawi. Nikaazima skopu (darubini ya kulengea) ya jamaa yangu, wapi. Nikabadilisha risasi kutoka gramu 1.03 kwenda zile nzito za 1.17, kundi likashuka kidogo lakini kuhama kuko palepale. Nikakaza skrubu zote. Wapi.

Juzi naifuta vumbi nikaiangalia vizuri ile bangili ya mbele, ile klampu inayofunga mtutu na mtungi pamoja karibu na mdomo. Imekazwa kwa skrubu mbili za alenki mpaka imeacha alama kwenye mtutu. Nikajaribu kupitisha noti ya elfu kati ya bangili na mtutu, haipenyi hata kona. Nikaivua nikaiweka mfukoni.

Jioni ile ile, upepo umelala kabisa (jambo la nadra Kisongo), nikapiga tena kutoka bar 200 mpaka 130. Kuhama kumebaki 6 mm.

Sasa maswali mawili. Kwa nini kipande cha chuma chenye ukubwa wa pete ya pazia kinaniharibia shabaha kiasi hiki? Na je, ni salama kuuacha mtutu ukielea hivyo, umeshikwa nyuma tu, na sailensa inaning'inia mbele?

Chalii wa Kijenge

Nimeweka mkeka hapa. Wajuzi wakija mniamshe.

Mzee wa Sakina

Kijana, bangili unaionea bure. Presha ikishuka mwendo wa risasi unashuka, na mwendo ukishuka risasi inaangukia chini. Ndiyo maana watu wananunua bunduki zenye regyuleta, kila risasi inapewa kipimo kilekile cha upepo. Yako haina. Weka regyuleta, urudishe bangili ya watu mahali pake, walioiweka hawakuwa wajinga.

Vumbi la Kisongo

Shikamoo mzee. Habari ya kwenda chini naikubali. Ila ile ya kushoto inatoka wapi? Nayo ni ya regyuleta?

Mzee wa Sakina

Marahaba. Kushoto ni wewe na kidole chako.

Chalii wa Kijenge

😂😂 Mzee hana dogo.

Mkereza Unga Ltd

Mzee shikamoo. Naomba nikubaliane na wewe nusu, hiyo nusu nyingine uniachie mimi niliyezoea vyuma.

Nusu ya mzee kwanza. Risasi ikitoka kwa mita 270 kwa sekunde inafika mita 30 baada ya sekunde 0.11. Ikitoka kwa 250 inatumia 0.12. Huo muda kidogo wa ziada unatosha kuishusha kama 10 mm zaidi. Na bunduki isiyo na regyuleta kwa kawaida mwendo wake haushuki moja kwa moja: ukijaza kupita kiasi vali inabanwa na presha, risasi za mwanzo zinakuwa za uvivu, kisha mwendo unapanda, unatulia, halafu ndiyo unashuka. Kwa hiyo kuna kipande cha katikati ambako mambo ni mazuri, na kila bunduki ina chake.

Lakini yote hayo yanatokea wima. Mwendo kupungua hakusogezi risasi kushoto. Ukiona kundi zima limekwenda pembeni jioni isiyo na upepo, na halijapanuka, acha kulaumu kidole. Tafuta chuma kinachosukumana na chuma.

Sasa bangili. Mtungi ukijazwa bar 200 unatanuka. Macho hayaoni, ila unanenepa kidogo na unarefuka kidogo. Kwa mtungi wa alumini wa saizi hiyo kurefuka ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Utasema hiyo ni nini? Subiri. Mtutu ulio juu yake haurefuki, haujazwa kitu. Nyuma vyote viwili vimekazwa kwenye bodi, mbele umevibana kwa bangili. Kimoja kinataka kurefuka, kingine hakitaki, na hakuna pa kuteleza. Matokeo yake vinapinda pamoja, kama mbao mbili zilizopigiwa misumari halafu moja ikanyeshewa. Presha ikishuka vinarudi. Kila risasi unayopiga mtutu wako unaangalia mahali pengine kidogo. Na bangili ikiwa imechongwa kombo, au skrubu moja imekazwa kuliko mwenzake, kupinda hakutakuwa juu na chini tu, kutakwenda na upande.

Hesabu ya mdomoni: ukisukuma mdomo wa mtutu wa sentimita 50 kwa 0.1 mm tu, unene wa noti moja, kwa mstari ulionyooka ni 6 mm mita 30. Na kwa kuwa mtutu haulali wote kama fimbo bali unakunjika kuelekea mdomoni, ni kama 9 mm. Wewe ulihama 25. Bangili yako haikuhitaji nguvu nyingi.

Swali kwako: hiyo 6 mm iliyobaki baada ya kuvua, ilikuwa upande gani?

Vumbi la Kisongo

Dada, nimerudi kwenye karatasi na rula. Chini tupu. Kushoto hakuna kitu.

Mkereza Unga Ltd

Basi hiyo 6 ni ya mzee, zilizobaki zilikuwa za bangili.

Mzee wa Sakina

Nimesoma mara mbili. Sijakubali, ila sina jibu la kushoto. Endeleeni.

Ndugu wa Tengeru

Mimi nilikuwa najua mtutu kuelea ni mambo ya bunduki za baruti. Mtutu unapata moto, unapinda, unagusa ubao (ule mti wa kushikia bunduki), ubao nao unavimba na unyevu. Hizi za upepo zinapata moto gani? Upepo ukitoka ndiyo kwanza unapoza.

Mkereza Unga Ltd

Swali zuri, na ndipo wengi wanapopotea. Jina ni lilelile, sababu siyo ileile. Baruti inasukuma kwa zaidi ya bar 3,000, mtutu unatetema kama kengele na unachemka. Huku kwetu mtungi mzima ni bar 200, mtetemo ni mdogo, moto wa ndani haupo. Kwa hiyo mtu mwenye bunduki ya upepo akichimba ubao ili mtutu usiguse, halafu akaacha bangili imebana mtungi, amefagia uwanja akaacha takataka sebuleni.

Ila moto wa nje upo. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua asubuhi ya Julai hapa Arusha, nyuzi 12, umeweka skopu sawa. Saa nane mchana nyuzi 24. Kwa urefu wa sentimita 40 tofauti kati ya mtungi wa alumini na mtutu wa chuma inafika 0.05 mm. Hiyo ni ya kundi moja na ile ya presha! Ndiyo maana kuna watu wanasema "bunduki yangu asubuhi ni nyingine, mchana ni nyingine". Hawajalogwa.

Mangi wa Pasua

Wakuu wa Arusha, mimi niko Moshi. Yangu ni ile ya springi, unakunja mtutu kuikoki, 4.5 mm. Matundu yamesambaa kama mtama wa kuku, mita 20 tu. Kwa uzi huu nimeelewa dawa ni mtutu kuelea. Nimeshatoa ubao, nina msasa mkononi, nianze kuchimbia wapi?

Mkereza Unga Ltd

Weka msasa chini Mangi!!

Mzee wa Sakina

Huyu niachieni mimi, za kukunja ndizo nilizokulia.

Mangi, angalia bunduki yako. Mtutu wa kukunja umeshikwa kwenye bawaba yake basi. Mbele ya hapo unagusa nini? Haugusi kitu. Umeshaelea tangu kiwandani, utauelesha mara ngapi? Ukichimba ubao unaudhoofisha pale pale panaposhika skrubu.

Ugonjwa wa hizo ni mwingine. Springi ikiachiwa, pistoni nzito inakimbilia mbele, bunduki inaruka nyuma, halafu pistoni inagonga mwisho na bunduki inavutwa mbele. Yote hayo yanatokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Kwa hiyo risasi inatoka bunduki ikiwa mwendoni, na unavyoishika ndivyo itakavyokwenda.

Nijibu matatu. Skrubu za ubao, zile mbili za mbele na ya kwenye kilinda triga, umezikaza lini? Ukikunja mtutu na kuurudisha, ukiutikisa pembeni, bawaba inacheza? Na unapopiga, unaiegemeza wapi?

Mangi wa Pasua

Shikamoo mzee. Skrubu sijawahi kuzigusa tangu niipate. Bawaba haichezi. Naegemeza kwenye gunia la mchanga, mtutu unalala juu ya gunia vizuri kabisa na naishika kwa nguvu isiruke.

Mzee wa Sakina

Mtutu juu ya gunia! Jamani. Umejiroga mwenyewe. Gunia linasukuma mtutu juu, kila mara nguvu tofauti. Laza kiganja juu ya gunia, ubao ukae juu ya kiganja, wazi, kama umebeba yai la bata. Usiibane. Iache iruke inavyotaka, mradi iruke vilevile kila mara. Na skrubu kaza leo.

Ndugu wa Tengeru

Hiyo ya kutoegemeza mtutu ni ya wote, hata wenye mtungi. Una mtutu unaelea, unakuja kuulaza juu ya tofali, faida yote imekwisha.

Kutoka Dar

Nje ya mada kidogo. Niliseti bunduki yangu Dar, nikaja nayo Arusha Pasaka, mita 50 risasi zote ziko juu. Nayo ni bangili?

Mkereza Unga Ltd

Hapana, huo ni mlima. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 13 hivi, risasi inapata upinzani mdogo. Kwa mita 30 tofauti ni ndogo, mita 50 unaiona. Seti upya ukifika, rudi nyumbani useti tena.

Vumbi la Kisongo

Wakuu nimerudi na habari mbaya.

Jumapili nimetoka shamba, bunduki iko kwenye mfuko wake kwenye Noah ya jirani. Wakati wa kushusha, mlango ukagonga mdomo wa sailensa. Siyo kwa nguvu. Sikujali. Leo nimepiga, kundi ni zuri lakini liko 40 mm kulia! Nimeangalia skopu, haijasogea. Ni mtutu. Umepinda au umecheza pale unapoingia kwenye bodi, sijui.

Sasa naelewa kwa nini mzee alisema walioweka bangili hawakuwa wajinga.

Mzee wa Sakina

Nilisema.

Chalii wa Kijenge

Mzee amesubiri hii siku nne 😂

Mkereza Unga Ltd

Pole. Na mzee ana haki yake. Bangili ina kazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Moja ni kulinda mtutu mwembamba usigongwe. Hiyo ni halali. Nyingine ni kuubana, na hakuna aliyeiomba.

Mtutu wako ni 12 mm. Ugumu wa fimbo ya chuma unapanda kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo mtutu wa 16 mm ungekuwa mgumu zaidi ya mara tatu kuliko huo. Wenye mitutu minene wanavua bangili na kulala usingizi. Mwembamba, mrefu, halafu umeufungia sailensa mwishoni, huo ni mwanzi wenye tunda. Usiuache mtupu.

Kwanza legeza skrubu za kwenye bodi zinazoshika mtutu, uuketishe upya, uzikaze kwa zamu kidogo kidogo. Mara nyingi ukigongwa unakuwa umecheza hapo tu, haujapinda. Kisha niletee bangili. Nitakuchongea nyingine ya alumini ambayo inakaba mtungi peke yake, na tundu la mtutu ni 14 mm. Inabaki 1 mm kila upande. Siku zote haigusi, siku ya mlango wa Noah inaupokea.

Ndugu wa Tengeru

Kwa nini usijaze hiyo nafasi na tyubu ya baiskeli? Mpira ni laini, mtutu unateleza, na hautapiga kelele ukigonga.

Mkereza Unga Ltd

Kuna viwanda vinaweka oringi (pete ya mpira) humo, siyo wazo baya. Ila mpira unaogusa bado unasukuma, na tyubu yetu hii unene wake haulingani. Ukiuweka upande mmoja ukawa mnene, umerudi kwenye kombo lilelile kwa upole zaidi. Ajaribu vyote viwili atuambie.

Halafu nikupe kipimo cha kukuondoa ubishi, hakitumii hata risasi moja. Hakikisha chumba cha risasi kiko tupu na bunduki haijakokiwa. Toa presha ibaki bar 100. Funga ubao kwenye jiliwa, weka gunia katikati usiukwaruze. Chomeka kalamu ya laza, ile ya kuchezea paka, mdomoni mwa mtutu, ikae imara. Weka nukta yake kwenye ukuta mita 20, na msalaba wa skopu uuweke juu ya nukta. Sasa pampu mpaka 200, ukipumzika kila bar 20 bunduki itulie. Ukiona nukta inatembea na kuuacha msalaba, mtungi unasukuma mtutu. Ikibaki palepale, una bahati, funga uzi.

Vumbi la Kisongo

Matokeo, wakuu. Nimechukua wiki mbili kwa sababu ya kazi na mvua.

Mtutu haukupinda. Nililegeza skrubu za bodi, nikausikia kabisa unarudi "tik". Kundi likarudi karibu na pale lilipokuwa.

Laza: nilianza na bangili ya zamani, nimeikaza kama nilivyoikuta. Kutoka bar 100 hadi 200 nukta ilitembea kwenda juu na kulia, upana wa kidole changu cha mwisho, kwa mita 20. Mke wangu ndiye alikuwa ameshika daftari, yeye ndiye aliyeiona kwanza, mimi nilikuwa nakufa na pampu. Kulegeza skrubu robo mzunguko tu, kutembea kukapungua nusu. Bangili mpya ya mkereza: nukta imekaa. Nimeangalia mara tatu, imekaa.

Kisha karatasi, mita 30, risasi tano kila presha: 200, 180, 160, 140, 130. Bangili mpya bila mpira, kundi limeshuka 7 mm kati ya mwanzo na mwisho, wima. Na kipande cha tyubu ndani, 9 mm na imeanza tena kuinamia kushoto kidogo, labda 3 mm. Nimeitoa tyubu. Ndugu wa Tengeru usinichukie.

Siku hizi najaza 185 tu na nasimama 140. Hapo katikati ndipo bunduki yangu inapotulia, kushuka ni 3 mm. Regyuleta itasubiri ada ya mtoto.

Ndugu wa Tengeru

Sikuchukii, baiskeli yangu ndiyo haina tyubu sasa.

Mangi wa Pasua

Na mimi nimerudi. Skrubu ya mbele kulia ilizunguka kwa kidole, bila alenki! Nimekaza zote, nimelaza kiganja kwenye gunia kama mzee alivyosema. Risasi kumi mita 20, nane zinafunikwa na kizibo cha soda. Mbili zimetoka, hizo najua ni mimi. Mzee, ukija Moshi, mbege ipo.

Mzee wa Sakina

Nitakuja. Na dada mkereza, ile ya kushoto nimekubali.

Kutoka Dar

Swali la mwisho. Nimepitisha noti ya elfu chini ya mtutu wangu, kati yake na ubao, imepita mpaka nyuma bila kukwama. Niko salama?

Mkereza Unga Ltd

Noti moja ni 0.1 mm. Mtutu ukitetema kidogo, au ubao wa mti ukivimba na unyevu wa Dar, nafasi hiyo inakwisha. Ikunje mara tatu upate tabaka nane, ipite hiyo iliyokunjwa. Na ipitishe bunduki ikiwa imeegemea jinsi unavyopigia, siyo ikiwa imening'inia ukutani, maana ubao laini unapinda ukiwekewa uzito na unaufuata mtutu.

Kutoka Dar

Iliyokunjwa imekwama katikati.

Mkereza Unga Ltd

Basi sasa ndiyo wa kuchukua msasa ni wewe. Msasa uzungushie kwenye bomba linalozidi mtutu wako 2 mm, usitumie kidole, kidole kinachimba mashimo. Na paka vanishi ukimaliza, mti uliokwanguliwa unakunywa unyevu.